Njia ya Kwenda Irembo

Siku tuliyomzika Philbert kule Runazi, baiskeli zilikuwa nyingi kuliko viti. Ziliegeshwa kando ya shamba la mihogo la kaka yake, nyingine zikalazwa juu ya majani makavu ya migomba. Wengi wa wenye baiskeli hizo sikuwafahamu. Walikuwa vijana wenye kofia ngumu, wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na walipofika walisimama kando kidogo, hawajui wampe nani pole kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wengine, tunamenya ndizi. Mmoja akauliza, "Hawa wamefikaje huku bila kuuliza mtu? Mimi niliyeolewa kwenye ukoo huu nilipotea mara ya kwanza." Mwenzake akamwambia marehemu ndiye aliyezichora njia za huku kwenye ramani. "Ramani? Si alikuwa fundi baiskeli?" "Ndiyo huyo huyo." Wakahamia habari za bei ya mafuta ya kula. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini msibani si mahali pa kuonyesha kwamba ulimjua marehemu kuliko wengine. Niliendelea kumenya.

Philbert hakuwa mume wangu wala mchumba wangu. Nasema mapema kwa sababu kuna watu wameniuliza, wengine kwa macho tu. Nilimpenda kidogo mwaka ule mmoja tulioishi kwenye ua mmoja kule Kasulo, na yeye ama hakujua ama alijua akanyamaza kwa heshima. Baadaye kila mtu alikwenda njia yake, na tuliendelea kupigiana simu sikukuu kwa sikukuu. Habari za nilikozaliwa na sababu za kupelekwa kwa mama mdogo haziongezi kitu hapa, naziacha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka kadhaa kabla, sikuendelea, na nilidhani mambo ya maana yalikuwa yanafanyika mahali pengine. Mwaka ule ndio ulionitoa kwenye fikra hiyo.

Mama mdogo, ambaye Kasulo nzima ilimwita Mama Editha, alikuwa na hoteli ya chai na ugali kando ya barabara kuu ya malori. Nikisema hoteli, wanaojua wanajua: chumba kimoja chenye meza mbili ndefu na mabenchi, kuta za udongo zilizopakwa chokaa hadi kimo cha bega, na jiko la kuni nyuma ambalo moshi wake ulipendelea kuingia ndani kuliko kutoka nje. Asubuhi tuliuza chai ya maziwa na maandazi. Mchana ugali wa muhogo kwa maharage au dagaa, na siku za soko ndizi za kupika na nyama. Mimi nililala kwenye chumba cha magunia, kati ya maharage na unga, na hadi leo harufu ya gunia jipya hunipa usingizi. Chumba cha pili uani alikuwa amepanga Philbert. Chini ya upenu wake aliweka pampu, beseni la maji ya kutafutia matundu, mikasi, solesheni, ile gundi ya kuzibia, na tyubu kuukuu zilizoning'inia msumarini kama utumbo wa mbuzi buchani. Alikuwa mrefu, mpole, na alipokula alifunika macho kwa mkono mmoja kama mtu anayesali, kumbe ni moshi.

Ramani aliipata kwa msafiri. Alikuwa mwanamume mmoja wa mbali aliyekuwa akizunguka nchi kwa baiskeli, akapasukiwa tairi karibu na hapo. Philbert aliziba, mgeni akanywa chai, na wakati wa kungoja gundi ikauke akamwonyesha kwenye simu ramani aliyokuwa akiifuata. Hainunuliwi, alimweleza. Watu wa kawaida ndio wanaoichora, kila mtu kwao, na ukiona kosa unalirekebisha mwenyewe, kisha waendesha baiskeli na watembea kwa miguu wa dunia nzima wanaiona. Philbert aliomba aone Kasulo. Ilikuwa mstari mmoja, barabara ya malori, na pande zote mbili weupe mtupu. Nakumbuka aliinamisha kichwa hadi akakaribia kuigusa simu kwa pua. "Yaani hatupo?" akauliza. Mama mdogo akajibu kutoka jikoni, "Kama hatupo, huyo chai amenywa ya nani?"

Mgeni alimwekea programu ile kwenye simu yake, simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, akamfundisha kuiwasha wakati anatembea ili nyuma yake ubaki mstari. Tangu hapo Philbert hakutengeneza baiskeli kisha akairudisha tu. Alisema lazima ijaribiwe, na majaribio yenyewe yakawa ya kwenda bondeni, kupanda mlima, kurudi kwa njia nyingine. Wenye baiskeli walilalamika. "Fundi, nimeleta breki tu, mbona baiskeli ina matope ya Biharamulo?" Jioni alikuwa anapanda kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri, anasimama juu yake huku amenyoosha mkono, anapeleka njia zake duniani. Mama mdogo alinikataza kucheka kwa sauti mtu akiwa kichuguuni.

Hadi siku ile ya majina. Philbert alirudi amechoka, amefurahi, akakaa kwenye benchi na kutangaza kwamba amemaliza bonde lote la upande wa machweo, na majina yake ameyaandika. Nikamwomba anisomee. "Kuna kijito hapa chini," akasema, "kinaitwa Sinzi. Halafu kuna kilima, nacho ni Sinzi. Nadhani kijito kimechukua jina la kilima. Halafu kuna vile vijumba ng'ambo ya daraja la magogo, na pale pia ni Sinzi." Mama mdogo alikuwa amebeba sufuria ya maharage. Aliiweka chini polepole, akashika mlango, akaanza kucheka hadi kilemba kikaanguka. Philbert alikuwa mtu wa Runazi, nyumbani kwao wanasema Kizinza, na Kihangaza cha kwetu hakukijua, wala Kirundi cha ng'ambo ya daraja. Nikamweleza. Sinzi maana yake ni sijui. Alikuwa ameuliza watu watatu jina la mahali, watatu wamemwambia hawajui, naye ameshukuru na kuandika.

Wateja waliokuwa ndani walipiga meza. Deusi, dereva wa bodaboda ambaye chakula chake cha mchana kilikuwa pale kila siku, alisimama na kumpa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani. "Hongera, Bwana Sinzi. Wazungu watakuja wapande mlima Sijui." Jina likamganda. Hadi watoto walipita wakiita, "Sinzi, nijazie upepo!" Yeye alicheka pamoja nao, ndivyo alivyokuwa, lakini usiku huo alikula kidogo, na kesho yake akaja kuniomba kwa mama mdogo. Si kuniomba vile ninavyojua msomaji anafikiri. Aliomba nimsindikize siku ambazo hoteli haina watu wengi, nikaulize majina kwa lugha inayoeleweka. Mama mdogo akamtazama juu hadi chini. "Utamrudisha kabla ya maharage kuiva?" "Nitamrudisha, mama." "Na utamwekea kitambaa kwenye keria. Huyu si gunia."

Basi nikawa mpanda keria. Sijawahi kuwa na cheo kingine nilichokipenda kama hicho. Tuliteremka bondeni breki zikilia, nikishika kiti chake kwa chini, na kwenye vilima tulishuka wote tukasukuma pamoja na wabeba ndizi, ambao walitutania kwa nini tunasukuma baiskeli isiyo na mzigo. Kilima kilikuwa na jina, na kijito kilikuwa nalo pia, vyote tulivipata siku ya kwanza kwa mzee aliyekuwa akichunga mbuzi. Philbert akafuta Sinzi mbili. Ikabaki ya tatu, ile ya vijumba ng'ambo ya daraja la magogo.

Pale Kasulo kila mtu alipaita Kambini. Nami pia, bila kufikiri. Waliokaa kule walikuwa watu waliotoka Burundi, wengine zamani sana, wengine miaka ile ya wakimbizi wengi, wakapata mashamba, wakaoa na kuolewa, wakabaki. Kambi yenyewe haikuwahi kuwa mahali pale. Ilikuwa kwingine, na ilifungwa tukiwa wadogo. Tulifika asubuhi, tukamkuta dada mmoja anapepeta maharage kwenye ungo, anayenizidi miaka michache, na mama yake amekaa kwenye mkeka amenyoosha mguu uliokuwa na maumivu. "Shikamoo, mama," tukasema. "Marahaba, wanangu." Nikauliza kwa lugha yao pale mahali panaitwaje. Yule dada hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Sinzi," akasema. Philbert akanitazama. Neno hilo sasa alilijua vizuri.

Tungeondoka, lakini mama yake akasema wageni hawaondoki mdomo mkavu, na tukaletewa viazi vitamu vya moto na parachichi lililokatwa nusu, na chumvi kwenye jani. Chumba chao kilikuwa safi kuliko hoteli yetu. Ukutani kulikuwa na msalaba na kalenda ya miaka iliyopita iliyoachwa kwa sababu ya picha ya ziwa. Tukaanza kula. Kisha Philbert, akiwa na kiazi mdomoni, akauliza kwa Kiswahili, kwa upole tu, "Dada, hivi kweli hamjui mnapokaa?" Yule dada, Speciosa jina lake, ndipo alipoinua macho. "Tunajua. Mara ya kwanza ulikuja na simu, unaandika. Tukaona, tukikwambia jina wanalotuita huko barabarani utaliandika, na litakaa humo. Tukakwambia sijui. Ni afadhali sijui."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Tulikuwa tumecheka hadi vilemba vikaanguka, na watu wa kule walikuwa na akili zao timamu, wamefunga mlango kwa neno moja dogo. Philbert aliweka kiazi chini. "Basi niambie unalotaka likae humo." Speciosa akamtazama mama yake. Mama akasema, "Irembo." Ndivyo wao kwa wao walivyopaita, kwa sababu ya mahali njia inapotoka darajani na kuingia kati ya miti miwili, kama lango la kuingilia uani kwa mtu. "Mimi nimezaliwa hapa," Speciosa akasema. "Binti yangu amezaliwa hapa. Akienda shule wenzake wanamwita wa Kambini. Kambini ni mahali pa kusubiri, fundi. Sisi hatusubiri kitu. Tulishafika."

Jioni ile Irembo iliingia kwenye ramani kutoka juu ya kichuguu, na siku chache baadaye ikatoka. Aliyeitoa hakujificha. Alikuwa Deusi, ambaye Philbert mwenyewe alimfundisha kuhariri kwa sababu alizijua njia za pikipiki. Alikuja kula akatangaza, "Nimekusaidia, Sinzi. Ulikosea jina kule, nimeandika Kambini." Philbert akamweleza. Deusi alisikiliza hadi mwisho, na siwezi kumsingizia ubaya. "Mimi sina neno na watu wale," akasema. "Lakini ramani ni ya nini? Si ya kumfikisha mtu? Abiria akishuka kwenye basi anasema nipeleke Kambini. Hakuna anayesema Irembo. Umchoree mtu jina lisilojulikana, apotee na mvua?" Mezani watu waligawanyika. Wengi walikuwa upande wake. Mama mdogo alisema wote wawili walipe kwanza chai ndipo wagombane.

Philbert akarudisha Irembo. Deusi akarudisha Kambini. Wiki nzima jina lilibadilika mara asubuhi mara jioni, na wao wawili waliendelea kula benchi moja, wakipeana chumvi. Ndipo ujumbe ukaingia kutoka kwa mchangiaji wa nchi nyingine, mmoja wa wale wanaoangalia ugomvi kwenye ramani. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili cha mashine. Philbert alitusomea kwa sauti: "Wapendwa wahariri, simamisheni vita. Sisi tunafuata kile kilicho juu ya ardhi. Ni nini imeandikwa juu ya ardhi?" Mama mdogo akafuta mikono. "Juu ya ardhi ya kule? Mavi ya mbuzi." Tulicheka wote, hata Deusi. Lakini Philbert aliondoka mezani bila kumaliza ugali. Alikuwa ameelewa. Ardhini kule hapakuwa na kibao chochote, hakuna Irembo wala Kambini. Atakayeweka kibao kwanza ndiye atakuwa amemjibu yule mtu.

Ubao ulitoka kwenye kitanda cha zamani cha mama mdogo. Rangi nyeusi ilikuwepo, kwa sababu Philbert aliwaandikia watu majina yao kwenye madigadi, vile vibati vya kuzuia matope juu ya magurudumu ya baiskeli, na mkono wake wa herufi ulisifiwa. Alipiga magoti uani mchana mzima, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Speciosa alipofika na beseni lake la maharage akielekea sokoni, kibao kilikuwa kinakauka ukutani. Akakisoma. "Hii ni nini?"

"Jina lenu. Ilembo."

"Irembo."

"Ndivyo nilivyoandika. Ilembo."

"Fundi, soma ulichoandika."

"I-le-mbo," Philbert akasoma, akionyesha herufi moja moja kwa kidole, na mimi na mama mdogo tukageukia ukuta. Kwao Runazi hata Runazi yenyewe utawasikia wakiitamka Lunazi, na yeye aliandika anavyosikia. Speciosa alicheka, mara ya kwanza tumwone akicheka, akaweka beseni chini na kushika brashi mwenyewe. Aliigeuza ile L kuwa R, akaichorea kichwa na mguu, lakini mstari wa chini haukufutika, na R ikabaki imevaa kiatu. Tuliipeleka hivyo hivyo. Watu wa Irembo walishachimba shimo tayari pale kwenye ile miti miwili, na mama yake Speciosa akatembea na mguu wake mbaya kuja kuona nguzo ikishindiliwa mawe. Philbert akapiga picha, akaituma kwa yule mtu wa mbali. Jina likakaa, na halikubadilishwa tena.

Ningeishia hapo kama nisingekuwa mkweli. Ramani ilikuwa imekubali, lakini stendi ya bodaboda haikuwa imekubali. Deusi na wenzake waliheshimu kibao, hawakukigusa, ila midomo yao iliendelea kusema Kambini. "Kwenye simu Irembo, kwenye pikipiki Kambini," Deusi alisema, na wateja wakakubaliana naye kwamba hiyo ni haki. Speciosa alilisikia hilo siku ya soko, akiwa anakunywa chai yetu. Akalipa, akaondoka. Kesho yake wanawake wa Irembo wakakubaliana jambo kati yao. Mwanamke wa kule akifika stendi, anasema, "Irembo." Dereva akisema, "Kambini, siyo?" basi mwanamke anachukua mzigo wake na kuondoka kwa miguu. Hatukani, hagombani. Anaondoka tu.

Nilidhani watachoka mapema. Ulikuwa msimu wa mvua, na njia ile ina mteremko wa utelezi na kilima kirefu baada ya daraja. Niliwaona wakipita mbele ya hoteli na mabeseni kichwani, kandambili mkononi, matope hadi magotini. Siku moja nilimwona hata mama yake Speciosa, amejishikilia kwenye fimbo, anasimama kila mara kupumzisha mguu, na pikipiki tatu zimelala stendi bila abiria. Mama mdogo alitoka nje akamshika mkono na kumketisha. "Dada yangu, mtaumia kwa ajili ya neno?" Mama akanywa chai taratibu. "Nilitembea kuja nchi hii nikiwa na kaka yake Speciosa mgongoni," akasema. "Hiki kilima ni kidogo." Philbert aliinuka. Alifunga kitambaa kwenye keria ya baiskeli yake, akampakia, akamsukuma hadi kwao, na aliporudi nilimwona amekaa chini ya upenu wake, hana kazi mikononi, anaangalia stendi. Nadhani siku hiyo ndiyo nilimpenda zaidi. Pia aliniambia aliogopa. Kama wakishindwa, alisema, jina litabaki kwenye simu tu, na simu haijawahi kumbeba mtu.

Ilikuja siku ya soko, jua limechomoza baada ya mvua nyingi. Speciosa alikuwa ameuza vizuri, amenunua sabuni, mafuta na daftari za binti yake, ambaye alikuwa naye. Walisimama pembezoni mwa stendi, wakijiandaa kutembea. Madereva walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, wanafuta vioo vilivyokwisha kufutwa. Watu wa upande ule ndio waliokuwa na mizigo siku za soko, na siku hizo zote walikuwa wamepita kwa miguu. Deusi alijikuna kichwa, akatazama kulia na kushoto, kisha akaita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza bia mbele ya mchungaji. "Irembo."

Speciosa alikuwa anamfunga mtoto kilemba. "Umesema wapi?"

"Irembo, dada."

"Sikusikia."

Deusi akasimama kwenye vikanyagio vya pikipiki yake. "Irembo! Irembo! Nani anakwenda Irembo? Irembo wawili, haya!" Akalirudia hadi watu wa mabanda ya nguo wakageuka, na wenzake, kwa kuona abiria wanasogea, wakaanza nao, mmoja akisema Irembo na mwingine Ilembo, wakishindana nani ana sauti. Mama mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi. Upande wa pili wa ua Philbert alikuwa ameinama juu ya beseni lake akitafuta tundu kwenye tyubu, na niliona mabega yake yanatikisika, maji yanamwagika. Binti wa Speciosa alipakiwa kati ya dereva na mama yake, daftari kifuani. Pikipiki ilipowaka alimpiga Deusi begani kwa kidole, akamwambia kwa sauti iliyofika hadi mlangoni kwetu kwamba nyumba yao ni ya pili baada ya kibao, asije akaipita.